Magunia Yaliyoegemea Ukuta

Kwa miaka kumi na moja nilisimama nyuma ya kaunta ya agroveti, duka la vyakula na dawa za mifugo, mjini Nyeri nikiwafundisha watu namna ya kuhifadhi chakula cha kuku. Nilikuwa na maneno yangu, niliyakariri kama kasisi anavyokariri ibada. Usiweke gunia juu ya simiti. Weka mbao chini, hewa ipite. Acha upana wa mkono kati ya gunia na ukuta. Usifunike kwa nailoni. Lililotangulia kuingia litangulie kutoka. Mkulima akirudi kulalamika kwamba kuku hawatagi, nilikuwa nikimwuliza swali moja tu, gunia umeliweka wapi, halafu namtazama akitafuta pa kuficha uso. Nikiri kwamba nilikuwa nikifurahia kidogo.

Nasema haya mapema ili msomaji asije akanihurumia.

Baba alipofariki, mama alibaki peke yake katika boma letu karibu na Mukurweini, na kahawa yake, migomba, mbuzi mmoja wa maziwa, na kaburi la baba chini ya mparachichi. Ndugu yangu mkubwa anafanya kazi Timau kwenye mashamba ya ngano. Ana nyumba ya mawe na mke mwenye roho nzuri, na tangu wiki ya mazishi alikuwa anataka kumchukua mama akaishi nao. Hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu, kwa sababu mtu mbaya ni rahisi kumkatalia. Alisema mama ana miaka sabini na tisa, macho yake yamechoka, akianguka jikoni nani atajua? Mama naye alikuwa na jibu moja tu.

"Huko Timau mimi nitakuwa mgeni mpaka nikufe."

Mimi ninaishi Ruring'u, ambako si mbali, kwa hiyo nilijifanya wakili wake. Tuliketi sisi watatu sebuleni kwake, tukakubaliana hivi: nitamletea mama kuku mia moja wa mayai. Akiweza kuwatunza mpaka Krismasi, kuwalisha, kuwapa maji, kuokota mayai bila kusukumwa, basi hakuna atakayetaja Timau tena. Akishindwa, ataenda. Ndugu yangu alicheka, akasema kuku ni mtihani mzuri kwa sababu hawana huruma. Mama akakubali bila kutabasamu. Alijua kinachopimwa si kuku.

Akawaweza. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu alikuwa bandani na kopo lake la gorogoro, anapima chakula, anaongea nao kwa sauti ya kuwakemea. Alianza kuvaa tena lile koti lake la kijani ambalo hakuwa amelivaa tangu msiba. Simu zake kwangu zilibadilika. Zamani alikuwa akinieleza nani ameaga dunia, sasa alinieleza nani ametaga.

Mwishoni mwa Aprili, kabla ya mvua kuharibu kabisa ile barabara ya udongo mwekundu, nilikodisha pikapu nikamletea magunia kumi na manne kwa mpigo. Gunia moja kwa kuku mia linaisha kwa wiki moja hivi, na sikutaka kuhangaika na utelezi kila mara. Wateja wangu nilikuwa nikiwaambia wasiweke chakula kilichosagwa zaidi ya mwezi. Lakini wateja hawakuwa na akili kama yangu, au ndivyo nilivyoona siku hiyo.

Mvua ilikuwa inanyemelea, dereva ana haraka. Tukayapanga magunia stoo, safu mbili, ya chini moja kwa moja juu ya simiti na yote yameegemea ukuta wa mabati. Mama alikuwa mlangoni, ameshika kipande cha mbao.

"Mami, weka mbao kwanza," akaniambia. Huniita Mami kwa sababu nina jina la mama yake. "Ghala ya mama yangu ilikuwa na miguu. Chakula hailali chini."

"Mama, hiyo ni ya zamani. Hii ni simiti, si udongo."

"Simiti pia inatoa jasho."

Nilicheka. Dereva pia akacheka, kwa sababu mimi nilikuwa nimecheka. Kisha nikakumbuka kwamba huko kwetu mwezi wa sita na wa saba mabati hudondosha maji alfajiri, baridi ikikutana na pumzi ya nyumba, na nikaona dawa yake hapo hapo. Nilikata nailoni iliyobaki kwenye kitalu cha miche, nikayafunika magunia yote toka juu hadi chini, nikakunja pembe vizuri kama mtu anayefunga zawadi. Ilipendeza kuitazama. Nikamwambia mama asijisumbue na magunia, ni mazito, mimi nitakuwa nikija kila Jumapili kufungua moja na kumjazia pipa. Yeye achote tu kwenye pipa. Akaegemeza mbao yake nje ya ukuta na kwenda kunichemshia chai.

Basi ikawa hivyo. Kila Jumapili nilitoa gunia la juu, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu, na yale ya chini nikayaacha chini.

Jumapili moja ya Julai nilifika na mafua makali. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mabonde tangu asubuhi na stoo ilikuwa giza. Magunia ya safu ya juu yalikuwa yamekwisha wiki za nyuma, nami sasa nilikuwa nikiyavuta ya chini. Nikavuta jingine, nikalikata uzi, nikalimwaga lote ndani ya pipa, nikafunga mfuniko, nikarudi Ruring'u kujitia kitandani. Sikutazama. Pua yangu haikunusa kitu.

Jumatatu mama alinipigia simu.

"Mami, hii chakula iko na harufu."

"Harufu gani?"

"Sijui. Kama nguo ilikunjwa ikiwa mbichi."

"Ni omena, Mama. Wanasaga hao samaki ndani. Wape tu."

Akawapa. Wiki hiyo mayai yakapungua, nami nikasema ni baridi. Jumapili iliyofuata sikwenda, mafua yalikuwa yameshuka kifuani, na chakula kwenye pipa kilikuwa bado kipo kwa sababu kuku walikuwa wamepunguza kula. Hilo nalo lilipaswa kunishtua. Jumatatu asubuhi mama akaniambia watatu wamekufa. Saa sita wakawa watano. Jumanne nikashuka Mukurweini nikapanda bodaboda mpaka nyumbani.

Kuku walikuwa wamejikunyata pembeni, mabawa yameanguka, panga za vichwani zimepauka kama karatasi. Saba zaidi walikuwa wamelala kwenye maranda, miguu imenyooka. Mama alikuwa amesimama katikati yao na koti lake la kijani, na jirani yetu wa ng'ambo ya kijia alikuwa pale mlangoni, amekuja kumpa pole.

Nikatoka kwenda jikoni kutafuta ndoo. Karibu na mlango wa jikoni nikaona beseni la mahindi. Mama alikuwa amechambua mahindi ya mavuno yaliyopita, na hayo ndiyo yaliyokataliwa: meusi, ya kijani, mengine yana manyoya ya ukungu.

Kwetu kila mtu anajua mahindi hayo ni ya nani. Mtoto wa miaka minne ukimkalisha kwenye gunia kuchambua, atakuambia bila kuulizwa, haya ya watu, haya ya kuku. Hakuna nyumba inayotupa punje. Tulilelewa hivyo, bibi yangu alilelewa hivyo, na ndilo jambo la kwanza nililomkataza mama siku nilipomletea wale kuku. Nilimwambia ukungu wa mahindi unaua kuku kama unavyoua mtu, asithubutu.

Nikabeba lile beseni mpaka bandani.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni mbovu. Nilikuwa natoa."

"Za kuku?"

"Za kutupa."

"Tangu lini watu wa hapa wakatupa mahindi?"

Jirani alitazama chini. Mama akanitazama mimi, si kwa hasira, kwa mshangao, kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto anayemnyonyesha.

"Sikuwapa," akasema.

"Nilikukataza, Mama. Nilikukataza mara ngapi?"

"Na mimi nakuambia sikuwapa."

Niliongea mengi zaidi. Nilikuwa na hofu, na mimi nikiwa na hofu hupandisha sauti, nimekuwa hivyo tangu utoto. Nilikuwa naona Krismasi ikiteleza, nilikuwa naona pikapu ya ndugu yangu. Nikafanya nilichoona ni cha busara: nikamwaga chakula kilichokuwa kwenye vyombo vyao, nikaviosha kwa maji moto, nikavijaza upya. Kutoka kwenye pipa.

Ndugu yangu alipata habari kabla ya jioni. Sijui nani alimwambia; nadhani ni mimi, kwenye lile kundi letu la familia, nilipoandika kwamba kuku wanakufa na huenda mama aliwapa mahindi mabovu. Niliandika "huenda." Yeye hakulisoma hilo neno. Akapiga simu, sauti yake ya upole ile ile.

"Si kosa yake. Ni umri," akasema. "Leo ni mahindi ya kuku. Kesho ni gesi. Nitakuja kumchukua Ijumaa."

Nikamwambia tungoje daktari wa mifugo. Akasema sawa, tungoje, lakini Ijumaa anakuja.

Daktari alifika Jumatano, kijana tuliyefahamiana tangu siku zangu za kaunta. Alimpasua kuku mmoja juu ya jiwe la kufulia. Ini lilitoka limevimba, la manjano kama mafuta ya ng'ombe, na alipoligusa kwa kidole likachanika. Akampasua wa pili, vile vile. Hakukuwa na haja ya wa tatu.

"Hii ni aflatoxin," akasema. "Ile sumu ya kuvu. Wamekula kitu iko na ukungu. Wanakula nini?"

Mama akafungua mdomo. "Ile chakula ya kwa pipa—"

"Mama, wacha daktari aongee," nikasema. Kisha nikamjibu daktari mwenyewe. "Chakula ni ya dukani, niliweka mwenyewe, unajua mimi. Shida ni mahindi."

Nikampeleka mpaka mlango wa stoo. Akachungulia, akaona magunia manne yaliyobaki yamefunikwa na nailoni, pembe zimekunjwa. Akainamisha kichwa kwa heshima, akasema sawa, wewe ni mwalimu wetu. Akaandika dawa ya kusaidia ini, akaniambia chanzo kiondolewe, akashika njia yake. Mama alikuwa amebaki pale kwenye jiwe la kufulia, anasafisha damu kwa majani ya mgomba. Hakusema tena habari za pipa. Nilidhani amenyamaza kwa sababu ameshindwa hoja.

Alhamisi asubuhi pipa liliisha. Nilikuwa nikilala huko huko kwa mama tangu Jumanne, na mafua yangu yalikuwa yameanza kuniachia. Nikaenda stoo kufungua gunia jingine.

Nilipoinua nailoni, harufu ilinikamata kooni. Nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi, ndiyo hiyo hasa. Upande wa ndani wa nailoni ulikuwa na matone kama dirisha la nyumba inayopikiwa. Nikashika gunia la kwanza kulivuta, na kitako chake kikabaki kwenye simiti, kimeoza. Chakula kilitoka kwa madonge, kijivu, na ndani ya donge, nikilivunja, kuna rangi ya kijani. Upande uliogusa bati ulikuwa mgumu kama ukuta wenyewe. Yote manne. Nilipopiga magoti nikagusa simiti kwa kiganja, kiganja kikarudi na maji.

Nilikaa chini hapo hapo.

Sikuhitaji daktari wala maabara. Nilikuwa nimefanya kila kitu nilichowakataza watu kwa miaka kumi na moja, na nilikuwa nimekifanya kwa unadhifu. Mvuke wa simiti ulipanda, nailoni ikauzuia, magunia yakaunywa kwa miezi. Gunia la Jumapili ile ya mafua nililimwaga kwa mikono yangu. Nikamkumbuka mama na kipande chake cha mbao, nikamkumbuka kwenye simu, nikamkumbuka kwenye jiwe la kufulia akiwa na mdomo wazi.

Jambo la kufanya lilikuwa rahisi. Jikoni palikuwa hatua ishirini. Nilihitaji kutembea hatua ishirini na kusema sentensi moja.

Nilichofanya ni kungoja mama aende kuteka maji. Nikayaburuta magunia manne mpaka nyuma ya kahawa, nikachimba shimo, nikayafukia. Nikasugua pipa kwa maji moto na jivu. Nikampigia bodaboda aniletee gunia jipya kutoka Mukurweini, na lilipofika nikaliweka juu ya mbao mbili katikati ya stoo. Nikamwambia mama yale mengine yamekwisha. Akalitazama lile gunia jipya, akazitazama zile mbao, akasema, "Sawa."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilinyamaza. Aibu ilikuwepo, tena ya kutosha. Nilifikiria daktari akisema mjini, wewe ni mwalimu wetu. Nilifikiria ndugu yangu, ambaye tangu utoto aliambiwa dada yako ndiye mwenye akili. Lakini aibu haikuwa yote, na hapa ndipo kalamu inakuwa nzito. Sehemu yangu moja ilikuwa imechoka. Ilikuwa imechoka na utelezi, na Jumapili zisizo zangu, na simu ya asubuhi ambayo kila ikilia moyo unaruka. Sehemu hiyo ilikuwa imesikia neno Timau na kupumua. Kosa langu lilikuwa limenifungulia mlango, na sikulazimika kuusukuma. Nilichohitaji ni kukaa kimya tu.

Mchana huo huo ndugu yangu akapiga simu, gari la shambani haliwezi kupatikana Ijumaa, atakuja Jumapili baada ya kanisa. Nikajiambia, vizuri, nina muda wa kusema.

Ijumaa mama alitoa mbuzi wake. Alisema huko Timau hana pa kumfunga, na jirani ana wajukuu wanaohitaji maziwa. Aliniita nimsaidie kumvusha kijia kwa sababu mbuzi alikuwa mkaidi. Nikashika kamba. Mama alitembea nyuma akimpiga mbuzi taratibu kwa fimbo ya mti wa kahawa, na tulipofika jirani alipokea kamba kwa mikono miwili na macho yake yamejaa maji. Mama akamwambia mbuzi akamuliwe kabla jua halijawa kali, la sivyo anapiga teke. Tukarudi, mama mbele. Ninajua urefu wa kile kijia. Sentensi yangu ingetosha mara hamsini.

Jumatano na Alhamisi walikuwa wamekufa kuku ishirini na mmoja; Ijumaa hiyo walikufa wanne. Jumamosi wawili. Chakula kipya kilikuwa kinafanya kazi, na mimi peke yangu nilijua kwa nini, au hivyo ndivyo nilivyoamini.

Jumamosi wanawake wa kanisa walikuja kumuaga. Walileta sukari, shuka, na wimbo mmoja mrefu. Kiongozi wao aliomba, akamshukuru Mungu kwa watoto wanaojali, watoto wasiowaacha wazazi wao wazeeke peke yao kama gogo la msituni. Wakasema amina. Mimi nilikuwa namimina chai. Nikammwagia mmoja chai kidoleni, akasema si kitu, nikaomba msamaha mpaka watu wakanitazama. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba, mikono mapajani, anaitikia amina mahali panapostahili. Hakuwaambia habari za mahindi, wala hawakumwuliza, kwa sababu walikuwa wameshaambiwa na kijiji. Niliona mmoja akipita jikoni anatazama chini karibu na mlango, pale beseni lilipokuwa.

Jumapili ndugu yangu alifika saa nane. Alikuwa amesafisha pikapu, ameweka godoro nyuma na kiti chenye mto mbele. Alimkumbatia mama, akanywa chai, akazunguka boma akakagua mabomba na vitasa kama mtu anayefunga shule. Akachungulia bandani. Walikuwa wamebaki sitini na mmoja, na tangu asubuhi hakuna aliyekufa.

Tukapakia. Sanduku la mbao, godoro, mashine ya kushonea, mfuko wa nguo zake. Mama alikwenda chini ya mparachichi akasimama kidogo kwenye kaburi, kisha akarudi. Alikuwa amevaa koti la kijani. Ndugu yangu akamfungulia mlango wa pikapu, na kwa sababu mama alikuwa kimya sana, na yeye hawezi kuvumilia kimya, akatafuta la kumchekesha.

"Usijali, Mama. Huko kwangu hakuna kuku wa kukushinda."

Mama akacheka. Alicheka kweli, kicheko kidogo cha adabu, kile ambacho mgeni hucheka nyumbani kwa watu.

"Hawakumshinda," nikasema.

Ndugu yangu akanigeukia.

"Ni mimi. Chakula kilioza kwa stoo. Nilikiweka chini, nikakifunika na nailoni, alinikataza nikamcheka. Mahindi hakuwapa. Magunia nimeyazika huko kwa kahawa, twende nikuonyeshe."

Hakutaka kwenda kuona. Nilimlazimisha. Nilichukua jembe nikafukua mwenyewe, nimevaa nguo za kanisa, mpaka donge la kijani likatokea na harufu ikampanda puani akarudi nyuma. Kisha akauliza jambo moja.

"Na ukaniacha nitoke Timau?"

Akarudi kwenye pikapu, akaanza kushusha sanduku. Alishusha godoro, akashusha mashine, bila kunitazama wala kuniomba nishike upande. Alimwambia mama pole. Akamwambia tulikubaliana Krismasi, na Krismasi bado, ila akimuuliza yeye, mtihani umeisha na mama amepita. Aliwasha gari akapanda barabara ya udongo polepole, na pale kwenye kona akapiga honi mara moja, ya mama.

Tukabaki wawili. Mama aliingia chumbani kwake, akavua koti, akaanza kutoa nguo kwenye mfuko. Nikasimama mlangoni. Nilitaka aniseme. Nilitaka apandishe sauti kama yangu, nipate pa kuanzia kuomba msamaha.

"Pole, Mama," nikasema.

"Mimi nilijua Alhamisi," akasema, mgongo wake kwangu. "Hiyo siku ulileta gunia mpya ukaweka kwa mbao. Nikajua umeona."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja wewe useme."

Akatundika gauni kwenye msumari, akalinyoosha mikunjo kwa kiganja.

"Nikangoja Alhamisi yote. Ijumaa ukashika kamba ya mbuzi, nikasema sasa, hapa kwa njia, atasema. Jana nikangoja hao wanawake waende." Akachukua gauni jingine. "Nikikuuliza kitu, utaniambia ukweli?"

"Nitakuambia."

"Kama gari ingekuja Ijumaa, ungesema?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kunipinga. Alikuwa amegeuka sasa, gauni likiwa mkononi, ananitazama kwa yale macho tuliyosema yamechoka.

"Hapana," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutundika nguo zake.